Mpwa wa Fundi Ajifunza Kunyamaza

Pale chuoni walimwita Suluhu, na mwenyewe hakujua kwamba nusu ya jina hilo ilikuwa kejeli. Ukimwambia kichwa kinakuuma, ameshakutajia dawa kabla hujasema upande gani. Umegombana na mpenzi wako, ana mpango. Umefeli, ana mpango na mwingine wa akiba. Basi lilipobandikwa tangazo la kutafuta wasaidizi rika, yaani wanafunzi wa kuwasikiliza wenzao waliolemewa na mawazo, Suluhu alijiandikisha akiamini limebandikwa kwa ajili yake.

Usaili wenyewe ulikuwa mazungumzo tu. Katika chumba kidogo chenye feni inayolalamika, msichana wa kikundi cha maigizo alijifanya mwenye msongo, huku mshauri wa chuo, mama mpole asiyepepesa macho, akitazama kutoka pembeni.

"Siku hizi silali," msichana alianza. "Nikifumba macho tu namwona..."

"Simu hiyo," Suluhu alidakia. "Izime mapema. Halafu oga maji ya moto. Mimi mwenyewe mwaka jana..." Akasimulia mwaka jana wote na kipande cha mwaka juzi, mpaka msichana akaanza kumpa pole yeye.

Walipomaliza, mshauri akamwuliza, "Alikuwa anamwona nani?"

Suluhu akafungua mdomo, akaufunga.

"Nenda kafanye mazoezi, mwanangu. Urudi wiki ijayo, na safari hii uje na masikio."

Alikuwa akiishi kwa shangazi yake, fundi cherehani, akaona hakuna haja ya kwenda mbali. Jioni hiyo alivuta kiti karibu na cherehani akakaa kimya. Shangazi alimtazama, akashona kidogo, akamtazama tena, kisha akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Baba, unaumwa?"

"Hapana, shangazi. Nakusikiliza."

"Kwani nimesema nini?"

Mwanzo ulikuwa mgumu kwa wote wawili. Shangazi akisema mteja fulani amemchosha, Suluhu naye anasema, "Kwa hiyo mteja amekuchosha," hadi akaulizwa kama amegeuka kasuku. Akaacha kurudia. Ikabaki kuuma ulimi, kazi ambayo hakujua kuwa inatoa jasho.

Siku moja shangazi alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Ukakataa. Akaulamba ncha, ukakataa tena. Mikono ilimwasha Suluhu, akaikalia.

"Macho haya," shangazi akasema polepole.

Daktari, miwani na karoti vilikuwa vimeshajipanga kwenye ncha ya ulimi wa Suluhu. Akavimeza vyote.

"Juzi nimeshona gauni la watu, mkono mmoja uko juu, mwingine uko chini. Nikalifumua upesi kabla mwenyewe hajaja. Sijamwambia mtu. Nikishindwa kushona, mimi nitakuwa nani?"

Safari hii Suluhu hakutafuta jibu.

"Umekaa na hofu hii tangu lini, shangazi?"

"Kabla hujahamia hapa."

Aibu ilimpanda Suluhu hadi masikioni. Muda wote huo alikuwa akila mezani pake na kumfundisha namna ya kupanga vitambaa. Shangazi aliongea, akajifuta macho kwa kipande cha bitana, akaongea tena. Mwishowe akasema mwenyewe, "Kesho nisindikize kwa daktari wa macho. Lakini ukifika huko usimfundishe kazi."

Aliporudi kwenye usaili, msichana alianza palepale pa siku ile. Suluhu alingoja. Kumbe aliyekuwa akimwona ni kaka yake, waliyeachana naye kwa maneno makali, na sasa hapokei simu zake. Suluhu akamwuliza huyo kaka ni mtu wa namna gani, na msichana, ambaye hakuwa ameandaliwa swali hilo, ikabidi atunge papo hapo.

"Umepita," mshauri akamwambia baadaye. "Umepita kwa taabu. Mguu wako ulikuwa unatikisika kama wa mtu aliyenyimwa ruhusa ya kwenda msalani."

Sasa ana zamu yake Alhamisi mchana. Wiki iliyopita aliingia kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, akakaa, akainama, akaanza kuchezea zipu ya begi lake. Feni ikalalamika weee.

"Sijui nianzie wapi," kijana akasema hatimaye.

"Popote," Suluhu akamjibu, na kwa wanaomfahamu, hiyo ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.