Mgeni Aliyeomba Kusemewa

Nitakayokueleza niliyaona kwa macho yangu, na umri nilio nao si wa kumzulia marehemu baba yangu.

Miaka ya hamsini baba alikuwa mchinjaji katika machinjio ya Mbeya. Mimi nilichuna ngozi pamoja na Asajile, Mnyakyusa mcheshi. Waislamu wa mji walikula nyama yetu kwa sababu moja: walijua baba hakati shingo kabla hajalitaja jina la Mungu.

Asubuhi moja yenye ukungu akaja mgeni kutoka upande wa Rujewa, akiswaga dume jeusi la ng'ombe. Alisema ana nadhiri ya kulichinja mwenyewe.

"Ila shehe, ulimi wangu mzito. Nisemee Bismillahi, mimi nikate."

Baba alisita. Anayekata ndiye anayesema. Hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo. Lakini alimwonea huruma.

"Haya. Bismillahi, Allahu Akbar."

Kisu kikapita. Niamini, halikutoka hata tone la damu. Mgeni alikifuta kisu kikavu, akaliacha dume pale limekufa, akatokomea ukunguni. Kisha tukasikia huko nje: "Bismillahi." Ilikuwa sauti ya baba. Na baba alikuwa kando yangu, mdomo ameufumba.

Tulipomlaza ng'ombe mwingine kuelekea kibla, baba alishika kisu, akasema, "Bismi..." Akarudia. "Bismi..."

"Mzee, leo ng'ombe ndiye anakuchinja?" Asajile alitania. Kisha akamtazama usoni, akamfungua ng'ombe kamba.

Maneno mengine yote alikuwa nayo. Jina la Mwenyezi Mungu tu ndilo halikutoka tena kinywani mwake. Nani angekula nyama yake? Akaacha kazi. Msikitini alisimama safuni bila sauti, machozi yakimtiririka. Mashehe hadi wa Iringa walimsomea, wakachoka.

Alipokuwa akikata roho nilimshika mkono. "Baba, tamka shahada."

"La ilaha..." alisema. Hapana mungu. Nikangoja iliyobaki, isipokuwa Allah. Haikuja. Akafa.

Namshukuru Mola kwa yote. Lakini wewe, akija mwenye kisu akikuomba umtajie jina la Mungu, mwambie alitaje mwenyewe. Akishindwa, ondoka.

Kila alfajiri namsomea baba ile nusu iliyobaki. Lakini je, lipo neno ambalo mtu anaweza kusemewa?