Jicho la Kushoto la Mtakatifu Paraskevi

Wageni wanaopanda milimani kwetu, kisiwani Kipro, kulipiga picha kanisa la Mtakatifu Paraskevi huuliza swali lile lile, tena kwa sauti ya msiba: ni adui gani aliyemng'oa mtakatifu, pale kwenye picha ya ukutani, jicho la kulia? Wananiudhi. Ukuta ule ulichorwa zamani za wafalme wa Konstantinopoli, majeshi ya kila rangi yamepita, wala hakuna askari aliyeugusa. Jicho lile waliling'oa mama zetu kwa visu vya jikoni, wakawanywesha watoto wao.

Paraskevi ndiye mponyaji wa macho. Mtoto akiamka kope zimegandana kwa usaha, mama yake alikwenda kukwangua rangi kidogo kwenye jicho la mtakatifu, akaikoroga majini, nusu akamnywesha mtoto na nusu akamwosha uso. Chembe za mwisho za jicho la kulia alizinywa shangazi yangu Theognosia, akiwa mdogo wa kubebwa. Akapona. Ukubwani alikuwa na macho makali ajabu. Alimwona mbuzi wake ng'ambo ya bonde na kumtukana kwa jina.

Alipofiwa na mume, padri alimkabidhi ufunguo wa kanisa na kumwapisha kwamba jicho la kushoto halitaguswa. Kijiji kiliafiki. Mtakatifu akiishiwa macho yote, nani atatuona? Shangazi akauvaa ufunguo shingoni, akalala nao, akaoga nao. Wanawake waliokuja kumbembeleza kwa jibini na mafuta ya zeituni walirudi na vyao.

Ndipo Milia alipougua macho. Huyu alikuwa binti wa Persefoni, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na shangazi ndiye aliyemsimamia ubatizo. Persefoni alikuja mchana kweupe, kisu kimefungwa kwenye kitambaa.

"Dada, nifungulie."

"Kwa sala nakufungulia. Hicho kisu kiache hapa nje."

"Mtoto haoni mlango ulipo! Mwanao wa ubatizo huyu, Theognosia, si mbuzi wa jirani."

"Najua ni nani. Mimi nimekula kiapo."

"Kiapo! Hilo la kulia liko tumboni mwako, umeshiba, sasa unawafungia wenzako jiko?"

Shangazi hakuufungua mlango. Alisema, "Nenda ukawashe mshumaa, umwombe. Yeye hahitaji kukwanguliwa ndipo asikie. Mwamini tu." Persefoni alikwenda, akawasha, akaomba kwa magoti mpaka yakachubuka. Milia akapofuka.

Tangu hapo wawili hao hawakusalimiana. Milia alikua akipapasa kuta za uchochoro wetu, na kila alipopita, shangazi aliingia ndani akajifanya anakoroga chungu. Watu walisema ana moyo wa jiwe. Mimi niliyekaa naye najua alikuwa halali usiku, na nilimhurumia, ingawa hata mimi nilimkasirikia.

Miaka ikapita, zamu ikamfikia yeye. Mjukuu wake Pieris, aliyemlea tangu mama yake afariki, aliamka asubuhi moja akilia kwamba jua linamchoma, macho mekundu kama nyanya. Kijiji kizima kilimtazama shangazi na ufunguo wake. Kabla ya adhuhuri alitwaa kisu, akaingia kanisani, akajifungia. Wanawake kisimani waliacha kuteka. Alipotoka alikuwa amekunja uso, hakumjibu mtu. Alimfunika mtoto kichwa kwa shela, akapanda naye lori la zabibu, wakashuka hadi Lefkosia, mji mkuu.

Walirudi baada ya wiki kadhaa. Pieris aliruka kutoka kwenye lori, akaanza kukimbiza kuku.

Persefoni hakusubiri hata mizigo ishushwe. Alikuja amemshika Milia mkono. "Fungua," alisema. "Fungua watu wote waone ulichokifanya, mwizi mkubwa wewe. La kulia ulikula wewe, la kushoto umemlisha mjukuu."

Shangazi alifungua. Tuliingia tukisukumana. Persefoni aliinua mshumaa ukutani. Jicho la kushoto lilikuwapo, jeusi, kubwa, zima, halina mkwaruzo.

"Hukulikwangua?"

"Nilishindwa. Kisu nilikishika, mkono ukakataa."

"Sasa mtoto amepona kwa kitu gani?"

"Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Alimtia dawa ya matone."

Nilitazamia Persefoni apige kelele. Aliuliza taratibu kabisa, jambo lililonitisha zaidi. "Na huyo daktari, wakati wa Milia alikuwapo?"

"Alikuwapo."

"Ulimjua?"

"Nilisikia habari zake."

"Mimi ukaniambia nisali."

"Nilikuwa naamini, Persefoni. Naapa, niliamini kwa moyo wote kwamba atapona."

"Na huyu wako? Kwa nini hukuamini?"

Shangazi alilia. "Kwa huyu niliogopa," alisema.

Milia, ambaye hakuwa ameona chochote, alinyoosha mkono akapapasa ukuta, akafika kwenye shimo la kulia, kisha kwenye jicho zima. "Hili laini," alisema.

Shangazi aliuvua ufunguo, akamwekea Persefoni kiganjani pamoja na kile kisu alichokiacha pale siku ile. "Chukua. Ufanye unavyotaka. Likwangue lote, mimi sitasema kitu."

Persefoni alikitazama kisu, akamtazama mwanawe. Kisha alikiweka kisu chini, akaurudisha ufunguo shingoni mwa shangazi, akaunyoosha vizuri kifuani.

"La. Kaa nalo jicho hili," alisema. "Mtazamane."

Akamshika Milia mkono, wakatoka.

Shangazi alilifagia kanisa lile mpaka alipokufa. Alifagia kinyumenyume, mgongo kwa ukuta ule, na hakugeuka hata mara moja.