Goti ya Ngalula inaumaka paka ku mechi ya kumi

Batu, leo mutoto wangu aligonjwa goti bila yeye mwenyewe kujua!

Binti yangu Ngalula anachungaka golo mu ekipi ndogo ya club. Ekipi kubwa ilimuita, akacheza mechi tisa.

Mapatano ya club na bachezaji inasema: ukifikisha mechi kumi mu ekipi kubwa, bakupe kontra ya kweli, ya mushahara.

Leo njo ilikuwa ya kumi. Nikavaa kikwembe ya feti, nikaenda ku kiwanja.

Mukubwa wa club akanifuata: “Mama, Ngalula hatacheza. Goti inamuuma.”

“Goti gani, papa?”

“Ya kushoto.”

Kocha, pembeni yake: “Ya kuume.”

Na Ngalula iko kule anaruka kamba!

Nikamuambia mukubwa: “Papa, hii ugonjwa iko na akili. Ilingojea mechi ya kumi!”

Akacheka. “Mama, haukusoma. Mambo ya kontra hauwezi kuelewa.”

Ni kweli, sikusoma. Lakini nimezaa bana saba, mutoto mugonjwa namujua.

Njo Ngalula akanikimbilia, akanishika mukono: “Mama, nyamaza, batanifukuza kabisa.”

Kule nilinyamaza. Hapa mu grupu yetu ninasema.

Banamama, muniambie: nimemutetea mutoto, ao nimemuharibia?