Ua Lililozaa Bila Kufunguka

Nilipokuwa mtoto, miaka ile ya Wabelgiji, niliishi Rugenge, kando ya ziwa, kwa Feza, mdogo wake mama. Alikuwa ameolewa siku nyingi bila kuzaa, na mama mkwe wake alikwisha kutamka: mvua zikianza, Feza arudi kwao milimani.

Nkambo, bibi yangu mzaa mama, alipopata habari aliteremka kutoka kule kwenye ukungu na kimmea kilichofungwa kwa jani la mgomba. Majani yake yalikuwa na umbo la moyo. Ua lilikuwa moja tu, la rangi ya urujuani, limeinama kama mtu anayesikiliza.

“Hii ua inazalaka bila kufunguka,” akamwambia mama mkwe. “Ikizaa, mumuache Feza akae. Ikishindwa, miye mwenyewe nitamupeleka kwetu.”

Mama mkwe aliyaogopa mambo ya milimani. Akakubali.

Tulikipanda nyuma ya mtungi wa maji, penye kivuli. Joto la ziwani likalinyausha ua lile. Vikatoka vitumba vya kijani, vikabaki vimefumba. Kila alfajiri Feza alichuchumaa kuvitazama, nami kando yake, upepo wa ziwa ukipita mlangoni taratibu, hata nikaona kama nyumba nzima inaota ndoto moja. Mumewe, aliyezoea kukawia bandarini Kalundu, akaanza kurudi mapema, akachuchumaa nasi.

Mvua zikaja. Asubuhi moja ya jua mama mkwe aliingia na kikapu cha kufungashia vitu vya Feza. Akainama kutazama. Kitumba kilichokauka kikapasuka pande tatu, mbegu zikaruka, moja ikampiga shavuni.

“Yesu Maria!” Akajishika shavu, akamgeukia Feza. “Weye, bakia. Bakia kwako.”

Mwaka uliofuata Feza alizaa msichana.

Nikiwa shuleni, sista mmoja alitufundisha kwamba maua kama lile, violeti, ndivyo yalivyo: penye joto na kivuli hufumba, yakajichavusha yenyewe ndani kwa ndani na kuzaa mbegu. Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilisimama. Nkambo alizaliwa katikati ya maua yale. Alijua yatafanya nini. Alichomtafutia binti yake ni muda, na katika muda ule mume alirudi nyumbani na midomo ya waliomsema ikanyamaza.

Mpaka leo watu wetu husema ua lilimpa Feza mtoto. Siwakatalii. Lakini nkambo hakulisema neno hilo hata mara moja, tulilisema sisi.