Nyumba Isiyo na Samaki

Nyumba yetu iko Kavimvira, mtaa wa Uvira, karibu na ziwa kiasi kwamba upepo ukivuma tunasikia mawimbi tukiwa kitandani. Hata hivyo, kwa miaka mingi ilikuwa nyumba pekee ya mtaa ambamo hamkupikwa samaki. Ndagala, dagaa wetu, walianikwa mchangani mbele ya macho yetu, majirani wakakaanga samaki wa mikeke kushoto na kulia, na sisi tukala maharage. Mama alikuwa amekataza. Samaki, alisema, wanaharibu maziwa.

Mama ni binti wa wafugaji wa Rurambo, kule juu milimani ambako watu huamka na makoti. Baba ni mtoto wa wavuvi. Mama alipoolewa na kushuka huku ziwani, alikuja na vibuyu vyake na nia moja tu: kugandisha maziwa kama ya mama yake, mazito, laini, yenye harufu ya moshi wa nyasi wanazofukizia vibuyu. Hakuyapata. Alinunua maziwa kwa vijana wa pikipiki wanaotoka bondeni, akayamimina kibuyuni jioni, na asubuhi akakuta maji upande mmoja na mabonge upande wa pili. Tuliyanywa hivyo hivyo kwa sababu tulimwogopa.

Kwao mama, aliyetoka kula samaki hasogei penye maziwa. Basi lawama zote zikatuangukia sisi. Tukirudi shuleni alitunusa vidole. Baba, maskini, alijizoeza kwenda kumsalimia dada yake kila jioni, akarudi ametafuna limau.

Mambo aliyoyajaribu hayasimuliki yote. Aliagiza nyasi kutoka milimani. Alibadilisha vibuyu. Aliviweka chini ya kitanda, akavifunga magunia yaliyolowa, akavizika nyuma ya jiko. Kanisani, wenzake wakizungumzia mahubiri, yeye alimvuta pembeni mama yeyote aliyetoka kule juu na kumuuliza kwao wanatikisaje kibuyu. Shangazi alimwambia waziwazi aache wazimu, anywe chai kama watu wengine. Mimi mwenyewe nilichoka naye, nasema kweli. Nilitamani mama wa kawaida, anayenusa chakula na si watoto.

Lakini asubuhi moja aliinua kibuyu kutoka kwenye shimo alilolijaza mchanga wa ziwa na kulimwagia maji kutwa nzima. Akamimina. Maziwa yalitoka taratibu, mazima, bila kukatika. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya bidoni ya njano, lile dumu letu la maji, akalia, nami nikalia naye bila kujua kama ninalilia maziwa au ninamlilia yeye. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Siku hizi mlangoni kwetu kuna foleni ya wanunuzi wa maziwa. Wanakuja wanaobadilisha pesa mpakani, wanakuja wachuuzi wa Kamanyola, wanakuja watu wa milimani wanaokunywa wamefumba macho, kisha wanaomba kikombe kingine.

Baba alisubiri hadi biashara iliposimama imara. Ndipo alasiri moja akaingia na mikeke wawili wanono kwenye kamba, mbele ya wateja, bila kuficha.

"Mama ya batoto," akasema, "maziwa imepona. Sasa miye nikule samaki mu nyumba yangu."

Mama akawatazama wale samaki.

"Haikukuwa samaki," akasema. "Ilikuwa joto. Nilijua zamani."

"Ulijua? Na weye ukaniacha natembea kwa dada yangu miaka yote hii?"

"Ningesema ni joto, ningefanya nini? Joto ya Uvira muntu anaifukuza wapi? Ningeacha kabisa. Samaki, hiyo niliweza kuikataza."

Baba alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikimwangalia huyu mwanamke aliyejitafutia adui wa saizi yake ili asikate tamaa.

"Lete," akasema mama, akampokonya ile kamba. Aliwakaanga mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nje mkaa, ndani wabichi. Baba alimaliza sahani yake, akaapa kwamba iko muzuri sana. Mama alionja kipande, akatafuna polepole, akakunja uso. Ule uso tuliujua.

"Hapana," akasema. "Bado."

Kesho yake alfajiri alikuwa ufukweni akiwahoji wavuvi. Tulikula mikeke siku hiyo, tukala na siku iliyofuata, na hadi leo ninapoandika haya mama hajaridhika, na baba ameanza kunenepa.