Njia ya Ng'ombe Kule Rubya

Hii habari inaonyesha mimi ni boya. Nasema mapema ili usisumbuke kuligundua. Naisimulia mwenyewe kwa sababu shemeji yangu anaisimulia Bariadi nzima, na yeye anaongeza chumvi. Kwake yeye nililia. Mimi sikulia, nilipiga kelele, na hivyo ni vitu viwili.

Wakati ule alikuwa hajawa shemeji kamili. Alikuwa kaka wa binti niliyempenda, na baba yao alikuwa amegoma kabisa wazazi wangu wasilete ng'ombe wa mahari. "Yule kijana wa bodaboda kila kitu kwake ni utani," alisema. "Siku nyumba ikiungua, yeye atacheka."

Sasa huyo kaka mtu ana duka la vifaa vya ujenzi, na alikuwa amenunua hema la mtumba baada ya kuona kwenye simu watu wamepiga kambi. Akaja kijiweni kwangu. "Jiandae. Tunaenda kuzunguka ziwani. Pikipiki yako, mafuta yangu, tunalala kwenye hema." Nikajua huu ni mtihani, baba mtu amemtuma aje anipime. Mtihani wangu wa mwisho ulikuwa wa darasa la saba, na matokeo yake hatuyaongelei nyumbani.

Tukatoka asubuhi, pamba kulia, pamba kushoto, mpaka Lamadi. Pale tukala sato na ugali, tukakunja kulia, ziwa likaanza kutufuata mkono wa kushoto. Shemeji alikuwa amebeba hema mgongoni. Upepo ukilipata, tunayumba barabara nzima.

"Punguza mwendo," akanipigia kelele sikioni. "Usimfanye mdogo wangu mjane."

"Kwa hiyo harusi ipo?"

"Nimesema punguza mwendo."

Kisorya tukapanda kivuko, tukaingia Ukerewe. Shemeji akanunua nusu gunia la machungwa ya kumpelekea baba, tukalifunga nyuma, tukaenda Rubya kwenye msitu.

Mimi ni mtu wa tambarare. Kwetu kitu kirefu ni mnara wa simu. Miti ya Rubya ukitafuta kilele chake shingo inauma kabla hujakiona. Chini ni giza kidogo na baridi, majani yake membamba kama sindano yametandikwa kama godoro, na hata pikipiki yangu ambayo haina adabu ilianza kuunguruma polepole. Nikaona kimya kimezidi, nikamwambia, "Shemeji, hizi zote ni mbao za dukani kwako, hazijaambiwa tu." Akacheka, halafu akakumbuka kwamba yeye ni msimamizi wa mtihani, akakunja uso.

Msitu unapoishia, ziwa linaanza. Pale nikaona njia pana imekanyagwa vizuri inatoka majini inapanda juu, na nyasi zake fupi kama zimenyolewa.

"Hapa," nikasema.

"Kwa nini hapa?"

"Hii ni njia ya ng'ombe, wanakuja kunywa. Ng'ombe wanakunywa mchana, jioni wako zizini. Na nyasi fupi nyoka hajifichi. Shemeji, mimi nimechunga kabla sijajua kuvaa kaptula."

Alikuwepo mama mmoja pembeni anaanua dagaa. Akatuangalia tunagonga vigingi. "Kijana, hapo pana mwenyewe."

"Akija, mama, tutampisha."

"Utampisha," akasema, akaendelea na dagaa wake.

Jua linazama, mimi niko kwenye mafiga napuliza moto. Shemeji aliingia kwenye hema akasema ananyoosha mgongo. Mara nikasikia maji yanapigwa. Nikageuka, nikaona mgongo mweusi, mpana, umelowa, unapanda ile njia. Nikasema moyoni, dume la mtu limepotea. Nikachukua fimbo, nikamfuata, nikampigia ule mluzi wa kugeuza ng'ombe alionifundisha babu. Hakugeuka. Nikasogea nimwangalie pembe. Pembe hakuna. Nikampigia mluzi wa pili, akafungua mdomo.

Ule mdomo ungeweza kuegesha pikipiki ndani.

Nilikimbia. Nikaufikia mti wa kwanza, nikaukumbatia, matawi yake yanaanzia kule mtandao unakotokea. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba shemeji amelala kwenye hema, na hema liko katikati ya njia ya kiboko, na aliyeliweka pale ni mimi.

Nikarudi. Nikashika kona ya hema, vigingi vikang'oka, nikalikokota kuelekea msituni. Lilikuwa zito. "Shemeji, amka! Nisamehe, nilidhani ni ng'ombe!" Kimya. Hema likagonga kisiki, kitu ndani kikapasuka, mikono ikalowa. Hapo, nakubali, sauti yangu ilibadilika kidogo. Nikamwomba asife, nikamtajia dada yake, nikaahidi kuacha utani maisha yangu yote.

Halafu nikanusa vidole. Machungwa.

Kiboko wala hakuwa na habari na mimi. Alipita pale pale hema lilipokuwa, akaanza kula nyasi zake. Na kule kwa mama wa dagaa, shemeji alikuwa amechuchumaa na kifuko cha dagaa mkononi, anashindwa kusimama kwa kicheko. Alikuwa ametoka kununua kitoweo wakati mimi napuliza moto, gunia la machungwa ya baba akaliacha ndani ya hema.

"Mwenyewe umemwona?" mama akaniuliza. Akatupa nafasi kando ya nyumba yake, tukalala kwenye hema lililochanika linanuka machungwa.

Tuliporudi Bariadi, shemeji alimsimulia baba yake kila kitu, hata mluzi aliuigiza. Mimi nimekaa kwenye kigoda naangalia vidole vya miguu. Mzee hakucheka. Aliuliza swali moja tu.

"Alipokuwa anakokota hilo hema, alijua wewe haumo?"

"Alijua nimo, baba."

Mzee akachukua chungwa moja lililobondeka, akalimenya, akalila lote taratibu, akatema mbegu.

"Mwambie kwao walete ng'ombe," akasema. "Ila wa kuwachagua awe mtu mwingine. Huyu asije akatuletea viboko."