Kiganja cha Dalali

Dalali wa nyumba pale Kasese hakuwa na maneno mengi. Funguo zake alizitunga kwenye kamba ya kiatu, na katika kila nyumba alianza na jambo moja: alimsimamisha mtoto Lamunu ukutani, akamwekea kiganja kichwani, akautazama ukuta. Atim, mama wa Lamunu, aliyetafuta nyumba kwa kuchoka kulea watoto katika kambi ya wanajeshi, alidhani mzee anapenda watoto tu.

Nyumba ya tatu ilikuwa karibu na mto. Uwanja mpana, shule jirani, rangi bado inanukia. Atim akajiambia moyoni kwamba hapa wamefika. Dalali akamsimamisha Lamunu kama kawaida, lakini safari hii kiganja kilipita kichwa cha mtoto, kikapanda mpaka kwenye mstari wa tope uliochungulia chini ya rangi.

"Hii hapana, mama Lamunu. Maji ilifika hapa."

"Na wewe unajuaje, mzee?"

"Tulikuwa tunakaa hapa."

Sauti yake haikubadilika. Aliufunga mlango wa chumba cha watoto polepole, kama vile kuna aliyelala ndani, ndipo akatafuta ufunguo wa nyumba nyingine, ya mlimani.